Leseni ni Ahadi kwa Mgeni

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumezoea kulitazama neno hilo upande wa mwenyeji. Lakini mgeni naye, je, atapona kwa nani? Mtu aliyefika mahali ambapo hajui mtu wala hajulikani, akishikwa na homa usiku, au akitaka kujengewa nyumba, au akihitaji wa kumsemea mahakamani, atajuaje kwamba huyu anayejiita daktari ni daktari kweli, na huyu anayejiita wakili ni wakili kweli? Hana baba mdogo wa kumwuliza. Hana jirani wa kumnong'oneza. Analo koti jeupe mbele ya macho yake, na maumivu yake mwenyewe.

Swali hili sisi wa kandokando ya Ghuba ya Mwanza tunalo mlangoni. Busisi ni mahali pa kuvukia. Kwa miaka mingi aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema, Geita, Chato na hata Bukoba alipanda kivuko Kigongo na kushuka Busisi. Tangu tarehe 19 Juni 2025 lipo daraja lenye urefu wa kilometa 3 hivi, lililopewa jina la Rais John Magufuli, na safari iliyowagharimu watu saa nzima na zaidi ya kungoja sasa ni ya dakika chache. Mahali pa kuvukia ni mahali pa watu wasiojuana. Na palipo na watu wasiojuana ndipo anapostawi yule tuliyempa jina la kishoka: kishoka wa umeme, kishoka wa viwanja, kishoka wa mahakamani, kishoka wa sindano.

Serikali yetu imeunda mabaraza na bodi nyingi za kumkabili mtu huyo. Liko Baraza la Madaktari, liko Baraza la Famasi, iko Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iko Bodi ya Usajili wa Makandarasi, liko Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kila moja lina daftari lake la majina, na kila moja lina sheria ya kumwadhibu anayefanya kazi hiyo bila jina lake kuwamo daftarini. Sina nia ya kuhesabu sheria hizo. Ninataka kuuliza jambo moja tu: mtu anayefanya kazi bila leseni anakosa nini hasa, na kosa hilo ni kwa nani? Tukilijua hilo tutajua pia bodi inapaswa kumtendeaje.

Zamani kijiji chenyewe ndicho kilikuwa bodi. Mganga, ambaye Wasukuma humwita nfumu, alijulikana yeye, akajulikana aliyemfunza, zikajulikana na dawa zake zilizoponya na zile zilizokataa. Akikosea, habari ilifika kwenye kila jiko kabla ya jua kuzama. Hakuwa na cheti ukutani kwa sababu cheti chake kilikuwa katika vinywa vya watu. Sheria ya madaktari tuliyoirithi kutoka kwa wakoloni, na tukaitumia miaka mingi baada ya uhuru, ililitambua jambo hilo. Ilikuwa na kifungu kilichomruhusu mtu kutibu kwa njia za jadi ikiwa jamii anamotoka inamtambua kuwa amefunzwa kazi hiyo. Papo hapo ilimtaka asiende kutibu nje ya jamii yake, wala asifanye tendo la kuhatarisha maisha. Sitaki kumsifu mkoloni, lakini kifungu kile kilikuwa na busara ndani yake. Pale unapojulikana, tibu. Ukivuka maji kwenda kwa wasiokujua, imani uliyoiacha nyumbani haivuki pamoja nawe.

Wazo hili si la wazungu peke yao. Katika Hadithi zilizokusanywa na Abu Daud imo inayofundisha kwamba mtu anayejitia katika utabibu hali hajulikani kwa utabibu, hubeba dhamana ya madhara atakayoyaleta. Msomaji aangalie kwamba neno zito hapo ni kujulikana. Hata Uingereza, sheria yao ya mwaka 1858 iliyounda baraza la madaktari la nchi hiyo haikumkataza asiyesajiliwa kutibu watu. Ilimkataza kujidai kwamba amesajiliwa. Yaani waliona kwamba uovu wa kwanza wa kishoka hauko katika mkono wake bali katika madai yake.

Tuchukue mfano. Simtaji mtu, wala sisemi kwamba yupo. Tuseme katika mwalo mmoja jirani na Busisi kuna mtu aliyefanya kazi ya usafi katika zahanati kwa miaka 10. Aliwaona wauguzi wakichoma sindano, akajifunza kwa macho. Sasa amepanga chumba, amenunua koti jeupe, na watu wanamwita dokta. Wavuvi wakitoka ziwani alfajiri wakiwa na homa huenda kwake. Hatozi ghali, na asiye na fedha hulipa dagaa zikiuzwa. Wengi wanapona. Siku moja wakaguzi wanakuja na polisi, wanafunga chumba, wanamchukua. Mwalo mzima unanung'unika: amemkosea nani mtu huyu aliyetuponya?

Nung'uniko hilo si la kijinga, na bodi isiyoweza kulijibu haistahili mhuri wake. Kwa maoni yangu jibu ni hili. Lile koti jeupe lilisema neno kabla mwenyewe hajafungua kinywa. Lilimwambia mvuvi kwamba mtu huyu amefunzwa, amepimwa, na yuko aliye juu yake wa kumwuliza. Mvuvi aliamini kwa sababu kabla ya siku hiyo aliwaona wauguzi na madaktari wa kweli, hapo kijijini na katika hospitali ya misheni ya Sengerema, waliomtibu mkewe na wanawe. Imani ile ililimwa na watu hao kwa miaka. Kishoka amekuja kuvuna shamba asilolipalilia. Na mvuvi, hata akipona, amenyimwa kitu: nafasi ya kuchagua kwa macho yaliyo wazi. Pengine angejua ukweli angekubali sindano ile kwa sababu hana jingine. Basi hatari ingekuwa yake, ameichukua mwenyewe. Sasa amebebeshwa bila kuambiwa.

Lipo na jingine. Wengi wanaopona wanamfunika yule mmoja ambaye homa yake haikuwa malaria. Huyo hakurudi kulalamika. Amezikwa kwao, ng'ambo, na ndugu zake wamesema ni mapenzi ya Mungu. Kishoka hana daftari la wagonjwa, hana mkubwa wa kumhoji, hana mwenzake wa kumwambia hapa umekosea. Kwa hiyo hata yeye mwenyewe hajui ameua wangapi. Mtaalamu aliyesajiliwa naye hukosea, tena sana. Tofauti ni kwamba kosa lake lina mahali pa kupelekwa. Anaweza kuitwa, akapewa onyo, akasimamishwa, akafutwa jina. Leseni basi haimwambii mgeni kwamba mtu huyu hakosei. Inamwambia: akikosea, tuko hapa, tuulize sisi. Hiyo ni ahadi, na bodi ndiyo iliyoitoa.

Nasema ni ahadi kwa makusudi, kwa sababu wako wanaodhani leseni ni elimu yenyewe. Historia yetu inawakanusha. Mwaka 1977 ilitungwa sheria iliyokataza hospitali na zahanati za watu binafsi zinazoendeshwa kwa faida, na katazo hilo halikuondolewa mpaka mwaka 1991. Katika kipindi hicho daktari aliyehitimu vizuri, mwenye jina daftarini, angefungua chumba chake mjini Mwanza na kutoza ada kwa faida yake angehesabika mvunja sheria. Je, elimu yake ilimtoka mwaka 1977 ikamrudia mwaka 1991? Hasha. Dola ina sababu zake za kutoa ruhusa na kuizuia, na nyingine ziko mbali na elimu. Wataalamu nao wanazo sababu zao. Mganga hajigangi, na bodi ya wataalamu huketi wataalamu. Haiwi vigumu wakati mwingine kulinda ugali wa wenzao huku wakisema wanalinda mgonjwa. Kwa hiyo mwananchi anayo haki ya kuuliza, kila chumba kinapofungwa: mmekifunga kwa ajili yangu au kwa ajili yenu?

Tuangalie sasa bodi zinavyotenda. Juu ya mwanachama wake bodi ina nguvu za kweli, kwa kuwa jina lililoandikwa linaweza kufutwa. Lakini jina ambalo halijaandikwa halifutiki. Yule ambaye bodi inamwogopa kuliko wote ndiye ambaye haina la kumfanya kwa mkono wake wenyewe. Inabidi imkabidhi kwa polisi na mahakama. Hapo hali inabadilika. Kazi ya kujua, yaani nani ana ujuzi gani na anafanyia wapi, inageuka kuwa kazi ya kukamata. Ukaguzi unakuwa msako. Gari linakuja saa nne asubuhi, makufuli yanafungwa, picha zinapigwa kwa ajili ya magazeti, na alasiri gari limekwisha kuvuka kurudi mjini. Usiku homa inabaki pale pale mwaloni. Mfa maji haachi kutapatapa. Kesho mtu mwingine atanunua koti jeupe, maana waliomhitaji wa kwanza bado wapo.

Sisemi aachwe. Nasema kwamba bodi iliyofunga mlango bila kumwonyesha mgonjwa mlango mwingine imeitimiza nusu ya ahadi yake, na nusu hiyo ndiyo nyepesi.

Kanda yetu ya Ziwa ina somo chungu juu ya jambo hili, nalo halina budi kusemwa. Kuanzia mwaka 2007 mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino yaliongezeka katika mikoa hii, kwa sababu ya imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Mwezi Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi nchini. Baadaye katazo lililegezwa. Desemba 2014 mtoto wa miaka minne mwenye ualbino alichukuliwa kutoka kwao katika Wilaya ya Kwimba, mkoani Mwanza, na Januari 2015 Waziri wa Mambo ya Ndani, Mathias Chikawe, akatangaza vita juu ya waganga wasio na vibali. Kufikia Machi mwaka huo zaidi ya watu 200 walikuwa wamekamatwa.

Nani angepinga serikali kutumia mkono mzito palipouawa watoto? Hata hivyo tufikiri kwa utulivu. Sheria ya tiba asili ilitungwa mwaka 2002, na baraza lake liliundwa ili wajulikane waganga wa kweli. Kama mwaka 2009 leseni zote ziliweza kufutwa kwa tamko la siku moja, za mkunga wa jadi mwaminifu na za mpiga ramli anayetuma watu kuua, basi zilikuwa hazijatenganisha lolote. Karatasi inayofutwa kwa wote pamoja ilitolewa kwa wote pamoja. Ahadi ilikuwa imeandikwa lakini hakuna aliyekwenda kutazama nyuma ya mlango.

Kisha kuna suala la kuliita kosa kwa jina lake. Anayeagiza kiungo cha mtoto si mtu aliyekosa kibali. Ni mwuaji, na angekuwa na vibali kumi angebaki mwuaji. Tukimweka katika karandinga moja na mzee anayeuza mizizi ya tumbo bila kusajiliwa, tumefanya dhuluma mbili kwa pamoja. Mzee tumemfanya mwuaji machoni pa jirani zake, na mwuaji tumempunguzia uzito wa kosa lake hadi kuwa uzito wa karatasi. Bodi inapaswa kuwa ya kwanza kukataa mchanganyiko huo, kwa sababu kazi yake yote ni kutofautisha.

Na tusijidanganye kwamba dola yenyewe husimama imara siku zote. Mwaka 2011 taifa zima lilielekea Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyetoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilikuwa ya kilometa nyingi. Wagonjwa walitolewa vitandani hospitalini, na wako waliofia njiani. Waliokunywa hawakuwa wanyonge peke yao. Viongozi na mawaziri nao walikunywa. Baba yule alitoza kidogo, akajulikana kwa unyofu wake, na sitaki kumlaumu marehemu. Ninachosema ni kwamba siku zile yule mzee wa mizizi aliyekuwa ameambiwa asajiliwe kwanza ndipo atibu aliona jambo. Aliona kwamba kanuni inayomzuia yeye humpisha mwingine akiwa na umati nyuma yake. Kanuni ya namna hiyo haifundishi heshima kwa leseni. Inafundisha kutafuta umati.

Je, kuna njia bora? Ipo, na tumewahi kuipita wenyewe. Kwa miaka mingi maduka ya dawa baridi vijijini yaliuza kwa siri dawa ambazo hayakuruhusiwa kuuza. Kila mtu alijua, na misako haikumaliza jambo. Mwaka 2003, kuanzia mkoani Ruvuma, mamlaka ya chakula na dawa ya wakati huo ilianza mpango wa Duka la Dawa Muhimu. Wauzaji walipelekwa mafunzoni, wakaruhusiwa kuuza orodha maalumu ya dawa za lazima, na ukaguzi ukasogezwa karibu nao, hadi kwenye kata. Baadaye mpango huo ulienea nchini, na maduka hayo sasa yako chini ya Baraza la Famasi. Sidai kwamba kila duka ni safi. Lakini tazama mwelekeo wa fikra. Badala ya kuuliza tumkamate nani, waliuliza kwa nini watu huenda kwake, na ni kipi katika anachofanya kinaweza kufunzwa na kuaminiwa. Waliobaki nje baada ya mlango kufunguliwa hivyo hawana tena udhuru, na kuwaadhibu hao ni haki tupu.

Kwa njia hiyo hiyo ningependa bodi zijiulize ni kazi zipi zinahitaji leseni kabisa, maana si kila fundi asiye na cheti ni kishoka. Fundi wa mitumbwi pale ufukweni hana karatasi, lakini mteja huuona mtumbwi ukishushwa kwenye kina kifupi. Ukivuja, atadai fedha yake akiwa bado na miguu mchangani. Kazi inayojionyesha yenyewe kabla ya kuleta madhara haihitaji dola imtangulie mteja. Ni tofauti na nguzo ya daraja. Maelfu wanaopita juu ya maji ya Busisi hawawezi kuipima nguzo kwa kuitazama, na siku watakayogundua kasoro wamechelewa. Hapo ndipo daftari la wahandisi na la makandarasi lina thamani ya uhai, kwa sababu anayepita hana macho mengine ila ya bodi.

Na tunajua hasara ya macho hayo yakisinzia. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, hatua chache kabla ya gati, na zaidi ya watu 220 wakafa. Kilikuwa kimejaa kupita kiasi. Rais Magufuli alilieleza taifa kwamba, kwa taarifa alizopewa, nahodha hakuwamo, na usukani aliachiwa mtu asiyefunzwa kazi hiyo. Akina mama waliopanda siku ile na matenga yao kutoka gulioni hawakumwuliza mtu wa usukani cheti chake. Nani huuliza? Waliamini kivuko cha serikali kina nahodha, kama vile unavyoamini ngazi ina daraja linalofuata unapoishuka gizani. Tena kishoka wa siku ile hakuingia kwa hila kutoka nje. Kwa taarifa hizo, aliachiwa kazi na mwenye leseni. Hili nalo bodi zinapaswa kulikumbuka: leseni iliyotundikwa ukutani huku kazi ikifanywa na mwingine ni uongo ule ule wa koti jeupe, isipokuwa huu una mhuri.

Ndugu msomaji, mimi nahitimisha hivi. Asiyesajiliwa anayejifanya amesajiliwa anamwibia mgeni uchaguzi wake, na anawaibia wataalamu waaminifu imani waliyoipata kwa jasho. Aadhibiwe kwa hilo, hata kama hakuua mtu. Lakini bodi inayomwadhibu inajifunga kwa tendo hilo hilo. Kwa kusema msimwendee huyu, imesema mwendeeni yule. Basi yule awepo, afikike, na bodi iwe inamjua kwa kumtembelea na si kwa kupokea ada yake ya mwaka. Tena iwe tayari kumwambia mwananchi wa mwaloni, kwa lugha yake na bila kumkaripia, kwa nini chumba kile kimefungwa.

Na sisi tunaotibiwa, tunaojengewa na tunaovushwa tunalo letu pia. Tumezoea kuona haya kumwuliza mtu, bwana, umesajiliwa wapi? Tunaona ni utovu wa adabu. Babu zetu hawakuhitaji kuuliza kwa kuwa walikuwa wakijua. Sisi hatujui tena, na kila mwaka tutazidi kutojuana, maana njia zinafunguka na watu wanakuja. Kuuliza kwa heshima si dharau. Mtaalamu wa kweli hatachukia, na asiye wa kweli afadhali achukie mapema, kabla sindano haijatoka kwenye kasha.